Karatasi yangu ya vipimo kaifanya kitambaa cha kufutia mafuta, na fundi mwenyewe mnamjua!

Mjukuu wa Jang'ombe:
Naandika huku mikono inatetemeka. Ndiyo kwanza kaondoka, moshi wa pikipiki yake bado uko uani. Jina sitaji, hapana haja. Ni yule anayejiita mfalme wa marumaru, hapana mtaa hajaingia na hapana nyumba hakuacha kilio.

Nimemwita aangalie sakafu ya nyumba ya bibi. Saruji ya zamani ile ya rangi nyekundu, imepasukapasuka, na masika yakiingia inatoka jasho na chumvi nyeupe, maana nyingi ya nyumba za wakati ule hazikutandikwa nailoni chini ya zege. Kabla hajaja nilikwishapima kila chumba kwa futi. Nimechora, nimeandika milango inafungukia wapi. Chumba cha mbele mita 4 kwa 3, mita 12 za mraba. Marumaru za 60 kwa 60, boksi la vipande 4 linafunika mita 1.44. Ongeza asilimia 10 ya za kukatwa na za kuvunjika, maboksi 10 yanatosha na yanabaki. Nikampa karatasi kwa mikono miwili, "Baba, vipimo hivi hapa."

Hakuitupia hata jicho. Alikuwa anakula katlesi. Akaipokea, AKAFUTIA VIDOLE. Kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha. Halafu akaikunjakunja akaitupa uani. Mbele ya mamaangu!

Kisha mfalme akapima chumba kwa nyayo. Nyayo! Na kandambili lenyewe kubwa kama ngalawa. Akatoka na jibu lake: maboksi 25. Kwa chumba kimoja! Hizo mita 36, natandika chumba, natandika ukumbi, natandika na kichochoro mpaka kwa jirani. Nikamwambia basi tuhesabu pamoja kwenye karatasi. Karatasi ipi? Si ile iliyolowa mafuta!

Nikamuuliza unyevu. "Marumaru zitauziba." Maji yanatoka chini, ukiyafunika huku yanapandia ukutani, hilo hata mtoto wa skuli analijua. Nikamwonesha pahala ambapo ukigonga kwa sarafu sakafu inalia tupu, imeachana na zege. "Tunaweka juu kwa juu." Na mlango wa mninga wa bibi? "Tutaukata chini."

Yote hayo nayameza. Karatasi haimezeki. Kidole kimoja kimoja, jamani!

Kibarazani:
Katlesi za nyama au za samaki?

Mjukuu wa Jang'ombe:
We Kibarazani nimechomwa roho hapa, unaniuliza katlesi?

Kikwajuni Juu:
Huyohuyo! Kwangu kaweka choo. Mteremko wa choo unaelekea kwenye tundu la maji, sentimita moja au mbili kwa kila mita, basi. Yeye kauelekeza mlangoni. Nikikoga mie, wageni ukumbini wananyanyua miguu. Nilipomwita akanambia nikoge kidogo kidogo.

Kibarazani:
😂😂😂 Koga kwa kijiko.

Mzee wa Timazi:
Mwanangu wa Jang'ombe, pole sana. Hesabu yako ni sahihi, asikubabaishe mtu. Kabla ya kununua chochote, kata nailoni ukubwa wa mkeka wa kusalia, ibandike sakafuni uzibe pande zote nne, uiache usiku na mchana. Ukiifunua ukakuta matone chini yake, usiweke marumaru. Bomoa pale panapolia tupu, tandika nailoni, mwaga zege jipya, uliache likauke wiki nne. Na usifanye masika, subiri kiangazi. Siku ya kununua, soma namba za maboksi zote ziwe za mkupuo mmoja, la sivyo utapata chumba chenye rangi mbili.

Mjukuu wa Jang'ombe:
Ahsante babaangu. Na hayo nilikuwa nimeyaandika! Nyuma ya karatasi! Upande aliomalizia kidole gumba!

Mtoto wa Wete:
Nyie wa Unguja mnadeka. Sie huku Pemba marumaru zinavuka bahari kwanza. Boksi likifika bandarini Mkoani unalitikisa, linalia kama kayamba. Unanunua sakafu unapokea kokoto. Fundi wenu kafutia mkono tu, mnalia.

Kikwajuni Juu:
Yakhe, uzi si wa boti huu.

Ghorofani Michenzani:
Afadhali nyie mlio chini. Sie tuko kwenye majumba yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Jirani wa juu kaita mafundi, wanataka kuweka zege juu ya sakafu, na marumaru juu ya zege. Uzito wote huo juu ya kichwa changu! Mchana kutwa nyundo, chokaa inaniangukia kwenye sahani ya wali. Kuna aliyekwenda kumuuliza mhandisi? Hakuna!

Kibarazani:
Kula chini ya mwavuli.

Mjukuu wa Jang'ombe:
Jamani, turudi kwenye karatasi. Mtu mzima, kapewa kwa adabu, kafutia vidole mbele ya mama wa watu. Hamlioni hilo?

Shoga wa Mpendae:
Twaliona shoga, lakini mafundi wote ndio walivyo. Mie wangu wa charahani. Nimempa kitambaa cha dera la Idi tangu Rajabu. Usiku wa kuamkia sikukuu nakwenda, nalikuta dera langu kavaa mkewe! Ananambia, "Nilikuwa najaribu kama linakaa."

Kikwajuni Juu:
Mkewe!!! Hilo kubwa kuliko marumaru.

Mtoto wa Wete:
Mie kanzu yangu mkono mmoja mrefu mmoja mfupi. Kasema nikunje wote.

Mzee wa Timazi:
Zamani fundi akishona kanzu anakupima mara mbili, na ya tatu anakuvisha.

Ghorofani Michenzani:
Zamani hata jirani wa juu alikuwa anabisha hodi kabla ya kupiga nyundo.

Shoga wa Mpendae:
Na lile dera nililidai, akanipa likinuka vitunguu thaumu. Nililifua mara ngapi sijui, halijatoka.

Kibarazani:
Kitambaa gani hicho kinashika thaumu namna hiyo? Na mkewe lilimkaa?

Shoga wa Mpendae:
Lilimkaa kuliko mie, ndio kilichoniuma!

Kikwajuni Juu:
Kuna mwanamke hapa kwetu Kikwajuni anashona vizuri, anamaliza kwa wakati, lakini hapokei kitambaa ikishaingia Ramadhani. Anayetaka aniulize pembeni.

Mtoto wa Wete:
Anashona na kanzu, au madera tu?