Je, programu ya kutunza fedha binafsi itumie uwekaji hesabu wa pande mbili?

Mtengeneza programu, Ipagala

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi. Ninatengeneza programu ya simu ya kuwasaidia watu kutunza hesabu za fedha zao wenyewe, na ninaowalenga kwanza ni watumishi wa umma wa hapa Dodoma pamoja na wafanyabiashara wadogo wa masokoni. Toleo la sasa ni jepesi: mtu anaandika kiasi, anaonyesha kama ni mapato au matumizi, kisha anachagua fungu, kwa mfano chakula, nauli, kodi ya nyumba au ada ya shule.

Tatizo limejitokeza kwenye majaribio. Jirani yangu alihamisha shilingi 200,000 kutoka benki kwenda M-Pesa, akaziandika kuwa matumizi kwa kuwa zimetoka benki. Kesho yake akalipa kodi ya nyumba kwa simu, kwa fedha zilezile, akaandika matumizi tena. Programu ikamwambia ametumia 400,000, ilhali kilichomtoka ni 200,000 na makato ya muamala. Ningeweza kuongeza kitufe cha uhamisho, lakini mwenzangu ninayefanya naye kazi anasema hicho ni kiraka, na kwamba nijenge upya kwa mfumo wa pande mbili kama ule wa GnuCash, programu ya uhasibu ya kompyuta. Ninachohofia ni kwamba mtu ambaye hakusomea uhasibu akikutana na debiti na krediti ataifuta programu siku hiyohiyo. Naomba mawazo yenu.

Mhasibu, Area C

Marahaba, kijana. Mwenzako yuko sahihi, na ningependa ulione jambo hili kwa upana kuliko huo uhamisho mmoja.

Mfumo huu ulichapishwa katika kitabu cha Luca Pacioli huko Venice mwaka 1494, naye alikuwa akieleza desturi ambayo wafanyabiashara wa huko walikwisha kuizoea. Msingi wake ni kwamba hakuna fedha inayotokea hewani wala inayopotelea hewani: kila kiasi kina kilikotoka na kilikokwenda, na pande hizo mbili lazima zilingane. Akaunti zote zinaangukia katika makundi matano, yaani mali, madeni, mtaji, mapato na matumizi. Programu yako ina makundi mawili ya mwisho tu, ndiyo maana inababaika kila fedha inapohama bila kutumika.

Chukua mshahara wa mtumishi, kwa kuwa hapo ndipo faida inapoonekana wazi. Tuseme mshahara ghafi ni 1,200,000 na mtu huyo alisoma kwa mkopo wa serikali. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakata asilimia 5, yaani 60,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 36,000. HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15, yaani 180,000. Na kodi ya mapato tuseme 170,000. Benki inaingia 754,000, na programu ya upande mmoja itaandika kwamba mapato ni 754,000, basi. Lakini ile 180,000 ya HESLB si matumizi, ni deni linalopungua, na mtu huyu anastahili kuliona likipungua kila mwezi badala ya kusubiri taarifa kutoka kwa mwajiri. Hata PSSSF mimi huiweka upande wa mali, ingawa najua wapo wahasibu wenzangu wasiokubaliana nami. Muamala mmoja wa mshahara unagusa akaunti sita, na ukiuandika kamili ndipo utakapojua mshahara wako unakwenda wapi kabla haujakufikia.

Mweka hazina wa kikoba, Chang'ombe

Ninamheshimu mhasibu, lakini ninaomba tusiwasahau watakaoitumia programu hii. Mimi ninashika daftari la kikoba cha akina mama, wengi wao wanauza mboga na matunda katika soko la Majengo. Mama anayefunga genge saa mbili usiku hana nafasi ya kupambanua makundi matano ya akaunti. Kinachoua utunzaji wa hesabu ni uzito wa kuandika: ukimwomba mtu mambo mengi kwa kila kitu anachonunua, baada ya wiki mbili daftari linabaki tupu, na daftari tupu halina faida hata likiwa la mfumo gani.

Jambo la pili ni kwamba hesabu zinaweza kulingana pande zote na bado zikawa za uongo. Ukisahau kabisa kuandika muamala, pande zitalingana. Ukiandika 5,000 ya mafuta ya kula kwenye fungu la nauli, zitalingana vilevile. Kwetu kinachofichua kosa ni kulinganisha salio la daftari na salio lililo kwenye ujumbe wa simu, na kuhesabu fedha taslimu mbele ya wanachama. Kwa hiyo programu imuulize mtu mambo matatu tu: kiasi gani, kimetoka wapi na kimekwenda wapi. Halafu imkumbushe kulinganisha salio.

Mtaalamu wa kanzidata, Kisasa

Mama, mambo hayo matatu uliyoyataja ndiyo uwekaji hesabu wa pande mbili. "Kimetoka wapi" ni upande mmoja, "kimekwenda wapi" ni upande wa pili. Kwa hiyo ninaona ninyi wawili mnagombana juu ya kioo cha simu, wakati swali la kijana wetu linahusu zaidi namna data inavyohifadhiwa ndani.

Ndugu mtengeneza programu, usitumie maneno debiti na krediti popote mtumiaji anapoyaona. GnuCash yenyewe, isipokuwa ukichagua istilahi rasmi za uhasibu katika mipangilio, huandika vichwa vya safu kwa maneno ya kawaida. Ledger na Beancount, programu nyingine za uhasibu, zimeenda mbali zaidi: zinatumia namba chanya na hasi, na sharti ni kwamba jumla ya kila muamala iwe sifuri. Fanya hivyo. Kuwe na jedwali la miamala, na jedwali la maingizo ambamo kila ingizo lina akaunti na kiasi. Uhamisho wa jirani yako, ikiwa benki ilikata tuseme 3,000, utakuwa na maingizo matatu: Benki −203,000, M-Pesa +200,000, Makato ya miamala +3,000. Jumla ni sifuri, na matumizi halisi ni 3,000 tu. Kodi ya nyumba itaingia kesho yake katika muamala wake. Viasi vihifadhi kama namba kamili, kamwe usitumie desimali zinazoelea, maana kasoro ndogo za ukadiriaji zitavunja usawa huo bila mtu kujua.

Hoja ya mama kuhusu fedha iliyosahaulika nina jibu lake. Mtu akihesabu taslimu na kukuta pungufu ya 4,000, programu isifute salio la zamani na kuandika jipya kimyakimya. Iandike Taslimu −4,000 na Matumizi yasiyojulikana +4,000, ili pengo lenyewe lionekane na kukua likiachwa.

Mtengeneza programu, Ipagala

Nashukuru sana. Nitabadilisha jedwali na kuacha kioo kilivyo, isipokuwa swali la "kimetoka wapi". Limebaki jambo moja: mama akinunua hisa za kikoba kila wiki, niandike matumizi au nini?

Mweka hazina wa kikoba, Chang'ombe

Hisa si matumizi, mwanangu, ni fedha yake iliyokaa kwetu. Fungua akaunti ya kikoba upande wa mali. Mchango wa mfuko wa jamii ndio matumizi, kwa sababu ukitolewa kwa mwenye msiba haurudi kwa aliyechanga. Akikopa kwetu, mkopo ni deni na riba ni matumizi. Siku ya kuvunja kikoba, kama hisa zake zilikuwa 480,000 na amepata 530,000, andika 480,000 zimehama kutoka kikoba kwenda taslimu, na 50,000 peke yake iwe mapato.