Ujenzi wa LLVM unakwama hatua za mwisho bila ujumbe wowote wa kosa

Swali

Habari zenu wataalamu.

Ninakompaili LLVM (mkusanyiko wa zana za kutengeneza kompaila) pamoja na Clang (kompaila yake ya C na C++) kutoka kwenye msimbo chanzo, katika kompyuta ya Linux yenye viini 8 vya kichakataji na kumbukumbu ya GB 16, na sikutenga nafasi yoyote ya swapu (sehemu ya diski inayopokea kinachozidi kwenye kumbukumbu). Nimechagua aina ya ujenzi ya Debug kwa sababu nataka kufuatilia mwenendo wa kompaila yenyewe ndani ya gdb (chombo cha utatuzi), na kazi ninaiendesha kwa Ninja (programu inayosimamia hatua za ujenzi) bila kuipa chaguo lolote la ziada. Mafaili ya C++ yanakompailiwa vizuri kabisa, lakini mara mistari inapoanza kusomeka "Linking CXX executable", kila kitu kinasimama: namba haisogei, kishale cha kipanya kinaganda, na terminali haipokei hata Ctrl-C. Taa ya diski inawaka mfululizo. Nikiiacha usiku kucha, asubuhi naikuta palepale, na hainibakii njia nyingine isipokuwa kuzima kwa swichi.

Kinachonitatiza zaidi ni ukimya huo. Kama kumbukumbu ingekuwa imekwisha, ningetarajia keneli iue mchakato mmojawapo na Ninja itangaze kwamba imeshindwa; tena, kwa kuwa sina swapu, sielewi diski inashughulika na nini. Naomba mnielekeze namna ya kubaini chanzo chenyewe kabla sijaanza kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha.

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, umefanya vyema kutaja taa ya diski na ukosefu wa swapu, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo yanayoelekeza kwenye jibu.

Ujenzi uliosimama huwa katika hali moja kati ya mbili: ama kuna mchakato unaosubiri kitu ambacho hakiji, ama kila mchakato unafanya kazi lakini kazi hiyo haizai matunda. Kwa mtazamaji hali hizi zinafanana, ila tiba zake ni tofauti kabisa, na ndiyo maana ni muhimu uangalie kabla ya kuzima. Fungua muunganisho wa ssh kutoka kompyuta nyingine kabla hujaanzisha ujenzi, kisha inapokwama utoe amri hii:

`ps -eo pid,ppid,stat,wchan:20,rss,etime,args --sort=-rss | head -20`

Safu ya stat ndiyo ya kusoma kwanza. Herufi R maana yake mchakato unatumia kichakataji au uko tayari kukitumia, S umelala ukisubiri tukio, T umesimamishwa, D unasubiri diski au kifaa kingine na hauwezi kukatizwa, na ndiyo sababu Ctrl-C haina nguvu juu yake kwa wakati huo. Nakisia utaona michakato kadhaa ya ld (kiunganishi, kinachounganisha mafaili yaliyokompailiwa kuwa programu), mingi ikiwa na D, kila mmoja ukiwa umeshika zaidi ya gigabaiti moja kwenye safu ya rss, yaani kumbukumbu unayotumia. Soma pia faili la `/proc/pressure/memory`, ambalo lipo tangu Linux 4.20 ya mwaka 2018. Mstari unaoanza na "full" unaonyesha asilimia ya muda ambao kazi zote zilizokuwa hai zilikwama kwa pamoja zikisubiri kumbukumbu. Katika ujenzi wenye afya namba hiyo hukaa karibu na sifuri.

Sasa nije kwenye fumbo lako la diski. Kukosa swapu hakuizuii keneli kuhamisha vitu. Kunaizuia kuhamisha data isiyo na nakala kwenye diski tu. Kurasa zenye maelekezo ya programu, yaani msimbo wa ld, wa maktaba na hata wa kiolesura cha dirisha lako, zina nakala kwenye diski, kwa hiyo keneli inaruhusiwa kuzitupa wakati wowote na kuzisoma upya zinapohitajika. Kumbukumbu inapobana, inazitupa, na punde tu ld inazihitaji tena, zinasomwa, nyingine zinatupwa, na mzunguko unaendelea. Ni kuteka maji kwa pakacha. Muuaji wa michakato haitwi, kwa sababu kila keneli inapotafuta kurasa za kukomboa inazipata, na kwa hesabu zake bado hakuna upungufu uliomshinda mtu. Hapo ndipo ukimya wako unapotoka. Ukiendesha `vmstat 1` utaona safu za si na so zikiwa sifuri, kwa kuwa huna swapu, huku bi (usomaji wa diski) na wa (muda wa kusubiri diski) zikiwa juu sana.

Usitoe uamuzi wowote kabla hujatuletea matokeo ya amri hizo.

Jibu la pili

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila naomba niongeze tahadhari kwa faida ya wengine watakaofika hapa wakiwa na dalili zinazokaribiana, maana si kila ujenzi unaokwama umekosa kumbukumbu.

Ikiwa kichakataji kimetulia, diski imetulia, na mashine inaitika vizuri, basi kuna mchakato unaosubiri. Mara nyingi unasubiri jibu la binadamu: hati ya usanidi imeuliza swali, au git inataka nywila ya hazina ambayo haipo tena, na swali lenyewe limefichwa kwa sababu matokeo yameelekezwa kwenye faili. Ukiwa umeuendesha ujenzi nyuma ya pazia kwa alama ya &, mchakato unaojaribu kusoma kutoka kwenye terminali utasimamishwa na kuonyesha T. Kuanzisha make (chombo cha ujenzi kama Ninja) kwa `< /dev/null` mara nyingi hufichua swali la hati ya usanidi mara moja, kwani anayeuliza hupata mwisho wa faili na kushindwa waziwazi. Anayekompaili keneli ya Linux na kukuta `make oldconfig` imetulia atumie `make olddefconfig`, ambayo huchukua majibu ya kawaida bila kuuliza.

Lipo pia suala la saa. Mafaili yakiwa na tarehe ya mbele kuliko saa ya mashine, make inaweza kurudia hatua ya usanidi bila kikomo, na ishara yake ni onyo la "Clock skew detected".

Kwa watumiaji wa Ninja, kumbukeni kwamba hushikilia matokeo ya kila amri hadi amri hiyo imalizike, hivyo mstari wa mwisho unaouona si lazima uwe wa kazi iliyokwama. Wekeni `NINJA_STATUS="[%f/%t %r %es] "` ili muone ni kazi ngapi zinaendeshwa kwa wakati huo na muda uliopita.

Muulizaji

Nashukuruni sana. Nilifungua ssh mapema kama nilivyoshauriwa, na hali ni kama ilivyoelezwa: michakato ya ld imejipanga juu ya orodha, karibu yote ikiwa na D, na mstari wa "full" umepanda kupita 80. Safu ya bi inaonyesha diski ikisomwa bila kupumzika. Kilichonishangaza ni kwamba idadi ya kazi ni 10, ilhali viini ni 8.

Swali langu lililobaki ni hili: je, nilazimike kuanza upya, au kazi iliyokwisha kukompailiwa inaweza kuokolewa?

Jibu la kwanza, kuendelea

Hiyo 10 ni kawaida ya Ninja: pale viini vinapozidi viwili, huongeza kazi mbili juu ya idadi yake. Kwa kukompaili ni sawa. Kwa kuunganisha LLVM ya Debug ni balaa, kwa sababu kila programu ndogo inabeba ndani yake maktaba zile zile pamoja na taarifa zote za utatuzi, na zote zinafikia hatua hiyo karibu wakati mmoja.

Usifute folda ya ujenzi. Ingia humo na utoe:

`cmake -DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1 -DLLVM_USE_LINKER=lld .`

Chaguo la kwanza linaziweka kazi za kuunganisha kwenye foleni ya moja moja huku kukompaili kukiendelea kwa viini vyote, na linafanya kazi kwa Ninja tu. La pili linahitaji lld iwe imewekwa tayari kwenye mashine. Kiunganishi hicho kina kasi kubwa kuliko ld ya GNU na kwa kawaida hutumia kumbukumbu kidogo zaidi. Yote mawili hayagusi mafaili yaliyokwisha kukompailiwa. Kubadilisha Debug kuwa Release (ujenzi usio na taarifa za utatuzi) kungeyafanya yote yakompailiwe upya, na wewe unahitaji gdb, kwa hiyo liache kama lilivyo. Likibana bado, ongeza `-DLLVM_USE_SPLIT_DWARF=ON`, linaloweka taarifa za utatuzi kwenye mafaili ya pembeni, ingawa hilo litakurudisha mwanzo wa kukompaili.

Ili dirisha lako lisigande tena, anzisha kazi kwa `systemd-run --user --scope -p MemoryMax=12G ninja`. Ujenzi ukivuka kiwango hicho, msongo utabaki kwa kiasi kikubwa ndani ya uzio wake, nawe utaweza kuusitisha.

Jibu la pili, kuendelea

Kabla ya kuendelea, kuna jambo moja linalotokana na kuzima kwa swichi. Ctrl-C huipa Ninja nafasi ya kufuta mafaili ambayo hayajakamilika. Kukata umeme hakuipi. Unaweza kubaki na mafaili matupu yanayoonekana mapya kwa tarehe, na kiunganishi kitalalamika "file truncated" hata baada ya tatizo la kumbukumbu kuisha. Yaondoe kwa `find . -name '*.o' -size 0 -delete`, na ufanye vivyo hivyo kwa yale yanayoishia na .a, kisha Ninja itayatengeneza upya yenyewe.

Muulizaji

Nilikuta mafaili matupu machache, nikayafuta. Sasa uunganishaji unakwenda mmoja mmoja kwa lld, mstari wa "full" uko chini ya 1, na clang imekamilika. Zimebaki programu za majaribio.