Huyu lekchara wa hesabu mwaka wa kwanza ana nini na sisi? Eti nirudi nikakaange vitumbua!

Wakuu, naandika nikiwa kwenye kimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, mikono inatetemeka. Jina silitaji, wote mnamjua. Yule wa suruali ya kaki, anayeandika kwa mkono wa kulia huku anafuta kwa wa kushoto. Ukipiga chafya umekosa mada nzima.

Leo saa nne, thieta imejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Swali la riba juu ya riba: laki moja ukiiweka kwa asilimia 10 kwa mwaka, itakuwa laki mbili baada ya miaka mingapi? Akaandika 1.1 kipeo n ni sawa na 2. Hapo nilikuwa naye. Mara log kushoto, log kulia, na ile n iliyokuwa imekaa juu, ndogo kama sisimizi, ghafla iko chini, kubwa, inazidisha! Nikanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, n imeshukaje?"

Akavua miwani. Akaniangalia kama nimeingia na mbuzi. "Hiyo ni ya kidato cha pili. Wewe ulifikaje hapa? Rudi kwa mama yako ukakaange vitumbua."

Vitumbua! Mbele ya watu mia nne! Kicheko kilichopigwa pale nadhani hata meli za bandarini zilikisikia.

Na mama yangu anakaanga vitumbua kweli. Saa tisa usiku yuko jikoni, ndivyo vilivyonilipia ada tangu kidato cha kwanza. Lekchara hajui hilo, alirusha tu neno, likanipata kifuani.

Kidato cha pili anachokisema, mwalimu wetu wa hesabu alihamishwa mwezi wa tatu, mwingine akaja tumeshafika cha tatu. Logi nilizisikia kwa jina tu. Nikaenda HGE (historia, jiografia, uchumi), na BAM, ile hesabu ya nyongeza, nikaokota S, alama ya mwisho kabla ya F. Na siko peke yangu, kidato cha nne 2021 waliofaulu hisabati nchi nzima hawakufika hata robo! Alidhani chuoni watashushwa watu kutoka mbinguni? Wenzangu wawili wa chumbani wameshaacha kuingia kipindi chake. Wanasubiri sapu (mtihani wa marudio), kisha disko (kuondolewa chuo), warudi nyumbani na deni la HESLB, bodi ya mikopo, maana disko halifuti mkopo.

Mtu kauliza n imeshukaje, mwambie n imeshukaje! Vitumbua vinaingiaje kwenye logi?

Msuli wa Usiku: Pole mkuu. Mimi mwaka juzi aliniambia nina kichwa cha kuvalia kofia. Somo lake nilikamatwa, nikalipiga sapu nikiwa na malaria.

Kaka Mkubwa wa Hall 2: Dogo acha kulia. Chuo si chekechea. Logi hujui halafu unataka kuwa mhasibu? Hela za watu utazihesabu kwa vidole?

mtoto_wa_vitumbua (mwanzisha uzi): Kaka Mkubwa, ningekuwa najua nisingeuliza. Nimeuliza ili nijue. Akanitajia mama yangu!

Binti Sumbawanga: Jina lenyewe umeshajibadilisha, umekubali ukoo 😂😂 Mama anapokea oda?

Mzee wa Madesa: Mwanzisha uzi, soma hapa. 1000 ni 10 kipeo cha 3. Maana yake 10 mara 10 mara 10. Logi inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha, kwa hiyo unapata log 10 + log 10 + log 10, yaani 3 mara log 10. Ile 3 imeshuka kwa sababu inahesabu umejumlisha mara ngapi. Na n yako hivyo hivyo: n mara log 1.1 ni sawa na log 2. Log 2 gawanya kwa log 1.1 ni 7.27, miaka saba na ushee. Njoo vimbweta vya nyuma jioni, tuko sita, wote tulikuwa na S.

mtoto_wa_vitumbua: Mungu akubariki. Yaani ni hiyo tu?? Na kwa hiyo tu nikatukaniwa mama?

Injinia Mstaafu: Zamani kulikuwa na nafuu. UDSM miaka ya 2000 wasichana wa uhandisi walikuwa na mafunzo ya awali kabla ya kuanza, wanapigwa msasa wa hesabu na fizikia kwanza. Mngepewa hata wiki sita za namna hiyo.

Kaka Mkubwa wa Hall 2: Wiki sita utakula nini, bumu lenyewe, hela ya kujikimu ya mkopo, halijatoka?

Msuli wa Usiku: Hapo umesema! Wiki ya tatu hii naishi kwa uji. Afisa mikopo kila siku "njoo kesho".

Binti Sumbawanga: Wenzenu jina langu halipo kabisa kwenye orodha. Nimepanga foleni tangu saa kumi na mbili, dirisha likafungwa usoni.

mtoto_wa_vitumbua: Jamani turudi kwenye mada. Alivua miwani kwanza, ndipo akasema vitumbua. Alikusudia!

Msuli wa Usiku: Binti, ulipanga dirisha gani? Mimi nimeambiwa kesho wanasainisha jengo jipya.

Binti Sumbawanga: Jengo jipya lipi tena? Lile la karibu na maktaba au la kule kwa mama wa chipsi?