Mjadala: Askari wa wanyamapori akishachukua mali ya mwindaji, mamlaka yake yaishie wapi?

Ukitaja ujangili, watu hugawanyika haraka. Wapo wanaotaka askari achukue kila anachomkuta nacho mwindaji haramu, na wapo wanaouona huo kuwa unyang'anyi uliovaa sare. Naomba kwanza tutenganishe mambo matatu: kukamata mali, kuishikilia, na kuitaifisha, yaani kuifanya mali ya serikali moja kwa moja. Sheria nyingi huyatenga. Kule porini huchanganywa, na mtu akishaona gari lake limeondoka na askari huhesabu kwamba limekwenda moja kwa moja.

Msimamo wangu nausema mapema ili mnipinge vizuri. Askari awe na nguvu kamili za kukamata, awe na muda wa kushikilia wenye mwisho unaojulikana, na asiwe na uwezo wowote wa kutaifisha. Huo uwe wa mahakama peke yake.

Tuanze na sheria ya Tanzania kama mfano. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inampa ofisa aliyeidhinishwa mamlaka ya kupekua na kukamata mnyama, mifugo, nyama ya porini, nyara, silaha, gari au chombo chochote anachokishuku kuhusika na kosa. Nyumba ya kuishi haiingiliwi bila hati ya upekuzi, isipokuwa awepo angalau shahidi mmoja huru. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka anayekamata mali atoe risiti, isainiwe na mwenye mali au aliye nayo, pamoja na mashahidi. Juu ya hizo ipo Ibara ya 24 ya Katiba, inayolinda haki ya kumiliki mali na kukataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka fidia inayostahili.

Kwa hiyo mamlaka yapo na mipaka ipo. Ugomvi uko katikati: kati ya dakika ile askari anapoondoka na pikipiki na siku ile hakimu anaposema neno.

Wanaowatetea askari wana hoja nzito na sitaki kuipita juu juu. Majangili hutumia gari, mtumbwi, tochi kali, bunduki na simu. Ukimkamata mtu halafu ukamwachia chombo, kesho chombo kile kile kinarudi hifadhini na dereva mwingine. Faini peke yake haiwatishi wenye fedha, kwani huihesabu kuwa gharama ya biashara. Tena askari hukutana na watu wenye silaha usiku, mbali na kituo chochote. Kumtaka asubiri hati ya hakimu kabla ya kushika bunduki iliyoelekezwa kwake ni kumtaka afe. Hapo sibishani na mtu.

Ila hoja hiyo yote inahusu kukamata. Haielezi kwa nini gari likae miaka yadini likioza huku kesi haijafunguliwa, wala kwa nini pikipiki ya kukodi ipotee kwa sababu aliyeikodi alibeba nyama. Na aliyeikodisha je? Mara nyingi ndiye anayeumia zaidi, wakati hakuwepo porini wala hakushtakiwa.

Mahakama Kuu ya Marekani ilikutana na swali hili mapema, mwaka 1894, katika kesi ya Lawton dhidi ya Steele. Ofisa wa ulinzi wa wanyama na samaki katika jimbo la New York aliharibu nyavu 15 zilizotegwa kinyume cha sheria, zenye thamani ya dola 525, bila kwenda mahakamani. Mahakama ilimuunga mkono, kwa kuwa nyavu ni kitu cha thamani ndogo na gharama ya kuendesha kesi ingeizidi. Lakini ikaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mjadala huu: kama mali ingekuwa ya thamani kubwa, mfano meli, kumwachia ofisa aiuze au aiharibu kwa uamuzi wake kungekuwa ni kumpa mamlaka ya hatari. Nami naona mpaka unafaa kuchorwa hapo hapo. Waya wa kutegea hauna mtetezi. Gari la familia linamtaka hakimu.

Sheria ya Lacey ya nchi hiyo hiyo, iliyopitishwa 1900 na kurekebishwa mara kadhaa, nayo inatofautisha. Mnyama aliyepatikana kinyume cha sheria huchukuliwa hata kama aliyenaye hakujua. Gari, boti au ndege haitaifishwi hivi hivi: lazima mtu atiwe hatiani kwa kosa kubwa linalohusu biashara ya wanyama hao, na mwenye chombo awe aliridhia, alijua, au angejua kama angekuwa mwangalifu. Natamani kila sheria ya wanyamapori iwe na mstari kama huo, umeandikwa waziwazi.

Kuna pia suala la uwiano. Mwaka 2019, katika kesi ya Timbs dhidi ya Indiana, Mahakama Kuu hiyo hiyo ya Marekani ilisema katazo la kikatiba la faini zilizopita kiasi linayabana majimbo pia. Kosa lilikuwa la dawa za kulevya, lakini kanuni inatuhusu: gari la dola 42,000 lilikuwa limechukuliwa, wakati faini ya juu kabisa ya kosa lile ilikuwa dola 10,000.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Mali iliyotaifishwa isiinufaishe idara iliyoikamata. Jimbo la New Mexico, Marekani, lilibadili sheria yake 2015, mapato hayo yakaenda mfuko mkuu wa jimbo. Askari mwaminifu hapotezi kitu.

Kwa wanaosema nawaonea askari, nawakumbusha Operesheni Tokomeza, msako wa serikali ya Tanzania dhidi ya majangili. Ilianza Oktoba 2013 kwa nia ya kuwaokoa tembo waliokuwa wakiuawa ovyo, ikasitishwa mwanzoni mwa Novemba kufuatia malalamiko ya mateso, vifo na wananchi kupoteza mali na mifugo. Desemba mawaziri wanne wakaondolewa. Tembo walihitaji ulinzi kweli, na ulinzi huo ulicheleweshwa na watu waliovuka mamlaka yao.

Najua nitaulizwa: nyama inaoza, nayo isubiri hukumu? Hapana. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshaeleza njia: hakimu anaweza kuamuru iteketezwe mapema, lakini mtuhumiwa awepo na asikilizwe. Ikiwa tunaweza kumsikiliza mtu kuhusu nyama inayooza, kwa gari linalodumu miaka hakuna kisingizio.

Mapendekezo yangu ni haya: risiti papo hapo, mwenye mali asiyeshtakiwa apate nafasi ya kufika mbele ya hakimu ndani ya siku chache, na chombo kirudishwe kwa dhamana pale ambapo picha na kumbukumbu zinatosha kuwa ushahidi. Wahifadhi mliopo, niambieni: siku ngapi zinawatosha kabla ya kumfikishia hakimu orodha ya mlivyokamata? Na ninyi wawindaji wenye leseni, mngekubali chombo kitaifishwe pale hatia inapothibitishwa mahakamani, au hapo pia mna pingamizi?