Mrejesho: namba na aina za karata za taroti

Wakuu, niliwauliza kama ni lazima kukariri maana za karata zote 78 za taroti, zile za michoro zinazotumika kubashiri. Mkaniambia niache kukariri, nioanishe maana ya namba na maana ya aina ya karata. Asanteni, imekubali.

Vikombe (kopa zetu) ni hisia, panga (shupaza) ni fikra na ugomvi, fimbo (pau) ni ari ya kazi, sarafu (uru) ni pesa na mwili. Ree ni mwanzo, kumi ni ukomo. Tano ndiyo iliyonifungua macho, ni misukosuko mitupu. Kwenye pakiti ya 1909 iliyochorwa na Pamela Colman Smith, tano ya vikombe ina mtu mwenye joho jeusi anayekodolea vikombe vitatu vilivyomwagika. Viwili vimesimama nyuma yake, wala hana habari. Tano ya sarafu: maskini wawili kwenye theluji, wanapita chini ya dirisha la kanisa lenye mwanga.

Mambo ya kubashiri siyaamini sana, mimi napenda michoro. Sasa sita ya panga inanitatiza: namba sita inasema nafuu, ila abiria wa mtumbwi uliochorwa humo wamejikunyata. Halafu mfalme, malkia na wenzao hawana namba, mnawasomaje?