Mjadala: Kusanyiko dogo Unguja na Pemba lijenge, au libaki majumbani kama kanisa la mwanzo?

Mshika Fuko (Mwanakwerekwe)

Mada ni hii. Makusanyiko mengi madogo ya Kikristo hapa visiwani, ya watu 40, 60 au 80, yanasali kwenye nyumba za kupanga. Sehemu kubwa ya waumini ni watu wa hoteli, askari na watumishi kutoka bara: leo wapo, mwakani wamehamishwa. Kila Jumapili bahasha ya ujenzi inapita. Sasa upande mmoja unasema kanisa la kwanza lilikaa miaka 300 bila jengo na likalisha wajane, basi fedha za kiwanja wapewe wenye shida. Upande wa pili unasema bila jengo, kila mkataba wa nyumba ukiisha mnatawanyika. Nani ana hoja? Njooni na aya, mwaka na mahali. "Roho amenionesha" si ushahidi hapa.

Kijana wa Chake

Mimi ni wa majumbani, na aya zipo wazi. Matendo 2:46, walimega mkate nyumba kwa nyumba. Warumi 16:5, kanisa nyumbani kwa Priska na Akila. Wakolosai 4:15, nyumbani kwa Nimfa. Filemoni mstari wa 2, nyumbani kwake mwenyewe. Hakuna barua hata moja ya Paulo inayochangisha tofali. Mchango aliouhangaikia miaka yote ulikuwa wa maskini wa Yerusalemu.

Kwa vitendo, kundi la nyumbani lisizidi watu 20 hadi 25 wazima. Likizidi hapo watoto wanasukumwa uwani, viatu vinajaa kibarazani, na mwenye nyumba anaanza kuchoka. Ligawe kabla halijajaa. Kila nusu iwe na mtu anayeweza kufundisha na mwengine anayejua nani anaumwa. Makundi yanayovunjika ni yale yaliyogawanywa kwa haraka, yote mawili yakimtegemea mchungaji mmoja mwenye pikipiki moja. Na saa ziwe fupi. Kule Troa (Matendo 20) mahubiri yalifika usiku wa manane, Eutiko akasinzia dirishani, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Wapenda mikesha huwa hawakai sana kwenye aya hiyo.

Msomaji wa Mababa (Mkunazini)

Ndugu yangu wa Chake, aya zako ni sahihi. Hiyo "miaka 300 bila jengo" ndiyo si kweli, na inarudiwa mno.

Kule Dura-Europos, mji wa ukingoni mwa mto Frati, Siria ya leo, imefukuliwa nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kanisa kabla mji haujaanguka mwaka 256. Walivunja ukuta kati ya vyumba viwili wakapata ukumbi wa kama mita 13 kwa 5, wa kutosha watu 65 hadi 75. Chumba kingine wakakijengea birika la ubatizo na kuchora kuta zake. Kwa nje ilibaki nyumba kama nyumba nyengine. Mwaka 260 Kaisari Gallienus aliamuru Wakristo warudishiwe sehemu zao za ibada. Hurudishiwi usichokuwa nacho. Februari 23, 303, mateso ya Kaisari Diocletianus yalipoanza, jengo la kwanza kubomolewa lilikuwa kanisa la Nicomedia, Uturuki ya leo, lililokuwa mahali pa juu, likionekana kutoka ikulu. Hayo yote ni kabla ya mwaka 313, kanisa lilipopewa uhuru kamili.

Kwa hiyo walijenga. Swali la maana ni walijenga nini, na ndani waliweka nini. Mei 303, kule Cirta, Algeria ya leo, maofisa waliingia nyumba ya kanisa kunyang'anya mali, wakaandika orodha. Vikombe 2 vya dhahabu na 6 vya fedha, sawa. Halafu kanzu za kike 82, shela 38, kanzu za kiume 16, jozi 13 za viatu vya wanaume na jozi 47 za viatu vya wanawake. Hizo si nguo za kwaya. Wanahistoria wengi wanaziona kuwa akiba ya kuwavisha maskini, na wingi wa nguo za kike unaonesha wajane ndio waliokuwa wengi mlangoni.

Kijana wa Chake

Mwalimu, umenisaidia bila kukusudia. Mita 13 kwa 5 ni karibu mita za mraba 65. Hapa watu 60 wanamwaga msingi wa watu 400.

Msomaji wa Mababa (Mkunazini)

Hapo sikupingi.

Mhasibu Mstaafu (Wete)

Shikamooni wakubwa, na vijana salama. Mnagombania kuta, na makusanyiko yanavunjika kwenye fuko.

Tazameni utaratibu wao. 1 Wakorintho 16: kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, na wa kupeleka fedha wachaguliwe na watoaji wenyewe. 2 Wakorintho 8:20-21: Paulo hakuzibeba peke yake, alitaka wenzake, ili asilaumiwe mbele za Bwana wala mbele za watu. Yustino Mfiadini, Rumi, karibu na mwaka 155, anaeleza ibada ya Jumapili: masomo, mahubiri, mkate na kikombe, kisha mwenye uwezo hutoa apendavyo, fedha hukaa kwa msimamizi, naye huwaangalia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 197 hivi, anasema mchango ulikuwa mara moja kwa mwezi, bila kulazimishwa, na anataja matumizi: kuzika maskini, watoto wasio na wazazi, wazee wasiotoka nyumbani, waliopata ajali ya chombo baharini, waliofungwa migodini na visiwani kwa ajili ya imani. Watu wa visiwa tuliopitia Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander, tunajua ajali ya chombo inaacha nini nyumbani.

Sasa kwetu. Sadaka ihesabiwe palepale na watu wawili wasio ndugu wala mume na mke. Waandike noti kwa aina yake, jumla kwa tarakimu na kwa maneno, watie saini wote, nakala ashike mtu wa tatu ambaye hakuhesabu. Jumatatu iingie benki. Akaunti iwe na jina la kusanyiko, wenye saini watatu, na fedha itoke kwa saini mbili. Mwenye saini akipata barua ya uhamisho abadilishwe kabla hajapanda boti. Akishafika Mwanza au Mbeya, akaunti inakwama miezi na kodi ya ukumbi inadaiwa.

Makosa ninayoyaona kwenye vitabu ni yale yale. Sadaka kulala nyumbani kwa mchungaji. Sadaka kuingia kwenye laini yake ya simu "kwa muda". Na kubwa kuliko yote, fuko la maskini kukopesha fuko la ujenzi. Deni hilo halilipwi, kwa sababu saruji haina mwisho na mjane hana risiti ya kudai.

Mshika Fuko (Mwanakwerekwe)

Bi Mhasibu, na huyo mjane anachaguliwaje? Ukitangaza msaada, mstari unafika barabarani.

Mhasibu Mstaafu (Wete)

Walikuwa na daftari, na daftari lilikuwa na masharti. 1 Timotheo 5: mjane wa kuandikwa awe ametimiza miaka 60, na mwenye watoto au wajukuu atunzwe kwanza na jamaa zake, kanisa lisilemewe. Wengine wanaliona agizo hilo gumu. Mimi naliona ndilo lililofanya fuko lidumu. Mwaka 251 Askofu Kornelio wa Rumi aliandika kuwa kanisa lake lina makasisi 46, mashemasi 7, na wajane na wenye shida zaidi ya 1,500. Idadi hiyo huilishi kwa huruma ya Jumapili moja moja.

Daftari liwe na jina, mtaa, jamaa wanaoweza kusaidia, anachopewa na tarehe ya kumtembelea tena. Lipitiwe kila miezi mitatu. Lisiposahihishwa, aliyepata nafuu anaendelea kupokea na aliyefiwa juzi hayumo.

Na Matendo 6 tusiisome juujuu. Wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walikuwa wakisahauliwa. Walipochaguliwa wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, majina yote ni ya Kiyunani! Yaonesha ugawaji ulikabidhiwa upande uliolalamika. Kusanyiko ambalo wazee wote wanatoka mkoa mmoja wa bara, na wanaolalamika wanatoka mwengine, lianzie hapo kabla ya kununua vipaza sauti.

Jirani wa Kikwajuni

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, historia ya dini ndiyo inayonivuta hapa. Nina mawili.

Moja, majirani. Sala ya watu 20 ndani ya nyumba haimsumbui mtu. Kinachosumbua ni spika iliyoelekezwa dirishani saa nne ya usiku, gari zilizoziba kichochoro, na watu kujaa mtaani bila sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kuambiwa. Nendeni kwa sheha mapema, mkiwa wawili au watatu, mseme siku, saa na idadi ya watu. Msingoje aitwe yeye kwa malalamiko.

Pili, mali. Mali ya wakfu kwetu ina mtoaji, msimamizi na wanaonufaika, na yote huandikwa. Kwenu nasikia kiwanja kimekatwa kwa jina la mtu. Zanzibar ardhi ni mali ya umma, mtu hupewa haki ya kuitumia. Sasa hiyo haki ikiandikwa kwa jina la mchungaji, akifa warithi wake watadai. Akihamia dhehebu jengine, anaondoka nayo. Karatasi ya mauziano yenye saini za mashahidi pekee haitoshi. Kwanza jumuiya yenu isajiliwe, iwe na katiba na wadhamini, ndipo mtafute kiwanja.

Msomaji wa Mababa (Mkunazini)

Waalaykum salaam, ahsante jirani. Kesi ya namna hiyo ilitokea zamani. Paulo wa Samosata, askofu wa Antiokia, alivuliwa uaskofu na mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, mwaka 268 kwa mafundisho yake. Akagoma kutoka kwenye nyumba ya kanisa. Maaskofu hawakuwa na chombo cha kumtoa, ikabidi waende kwa Kaisari Aurelianus, mpagani, karibu na mwaka 272. Yeye aliamua nyumba wapewe wale ambao maaskofu wa Italia na Rumi wanaandikiana nao barua. Kanisa lilipata nyumba yake kwa hukumu ya mtu asiyejua hata walikuwa wanabishania nini.

Katiba iseme mapema: kusanyiko likigawanyika, mali ni ya nani, likifa, inakwenda wapi, mchungaji akiondolewa, funguo anazikabidhi kwa nani na ndani ya siku ngapi. Kipengele hicho kiandikwe wakati wote wanapendana, maana baadaye kila mtu atakiandika akijitazama mwenyewe.

Nimrudie kijana pia. Plinio, liwali wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Traiano karibu na mwaka 112 kwamba Wakristo walikutana kabla ya alfajiri, wakatawanyika, kisha wakakutana tena kula chakula cha pamoja. Vyama vilipopigwa marufuku, wakaacha kile chakula. Wapo ambao imani hawakuiacha, na wahudumu wawili wanawake waliteswa. Walijua kipi kinaweza kuachwa. Kwetu spika inaweza kuachwa.

Kijana wa Chake

Spika nimekubali. Ila kuna njia ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja. Matendo 19:9-10, Efeso: Paulo alifundisha kila siku katika darasa ya Tirano, miaka miwili. Si nyumba ya mtu wala si jengo la kanisa. Ukumbi wa skuli mara moja kwa wiki kwa wote, majumbani katikati ya wiki. Hata watu wa hoteli wenye zamu za Jumapili wanapata siku nyengine ya kukutana.

Jambo jengine linalokula fedha kuliko tofali ni wageni. Mhubiri anatoka bara, anataka tiketi, hoteli na "mbegu", yaani fedha ya kumpandia ili mbarikiwe. Didake, maandishi ya Kikristo ya mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, ilishapima: mtume anayepita akae siku moja, ikibidi mbili, akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala. Akidai fedha, ni nabii wa uongo. Anayetaka kuishi nanyi na ana ufundi, afanye kazi ale.

Mhasibu Mstaafu (Wete)

Hapo kijana umesema, ingawa Didake hiyo hiyo, sura ya 13, inasema nabii wa kweli anayekaa nanyi anastahili chakula chake. Msije mkaitumia kumnyima mchungaji posho.

Mshika Fuko (Mwanakwerekwe)

Basi swali la mwisho kwa Bi Mhasibu. Tuseme kusanyiko limekubali ukumbi wa kukodi na jengo dogo baadaye. Fedha za ujenzi zilizokwisha kusanywa, nani ana haki ya kuzihamishia kwa wajane?

Mhasibu Mstaafu (Wete)

Si mchungaji, wala si kikao cha wazee peke yao. Fedha iliyotolewa kwa jina la ujenzi ina wenyewe. Sipriano, askofu wa Karthago, karibu na mwaka 253, alipotuma sesterce 100,000, sarafu za Kirumi, kuwakomboa mateka wa Numidia, alituma pamoja nazo majina ya waliotoa. Daftari la bahasha likiwapo, waandikieni wote, hata waliohamia bara, muwape mwezi mzima wa kujibu: ibaki ujenzi, ihamie kwa wajane, au irudishwe. Asiyejibu, fungu lake libaki ujenzi. Na kama daftari halipo, msihamishe hata shilingi mpaka mkutano wa waumini wote uamue, na muhtasari usomwe Jumapili mbili mfululizo kabla benki haijaguswa.