Ndege wa kaskazi: Mida au mdomo wa Sabaki, na niende saa ngapi?

mwl_changamwe

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu huku Changamwe, mlezi wa klabu ya mazingira. Januari nataka kuwapeleka watoto ishirini na wawili wakaone hawa ndege wanaotukimbilia pwani wakati kwao kuna theluji. Basi tumeahidiwa kwa siku moja tu, Jumamosi. Nina darubini mbili za 8x42 za kuazima, na kitabu ambacho kurasa nyingi ni ndege wa kijivu wenye miguu mirefu, wote sura moja.

Naomba ushauri. Hori ya Mida kule Watamu, au mdomo wa mto Sabaki kule Malindi? Vyote viwili hatuwezi. Tufike saa ngapi? Jamaa mmoja kasema alfajiri, kwani ndege ni alfajiri. Mwingine kanicheka, akaniambia nitazame maji. Halafu hawa wa kijivu mtoto wa miaka kumi na miwili atawatofautisha vipi? Mkuu wangu wa shule anasema tungoje mpaka tupate fedha za Nakuru, kule kuna heroe, angalau ni wa waridi na kila mtu anawaona.

---

nahodha_mstaafu

Mwalimu, karibu sana. Mimi ni wa hapa Mida, nimevua kwanza kisha nikawa natembeza wageni.

Huyo aliyekwambia alfajiri nadhani ni mtu wa msituni. Arabuko-Sokoke ni kweli, jua likipanda ndege wote kimya. Huku kwetu ndege hafuati saa, anafuata maji. Maji yakipwa, tope la Mida linafunguka mpaka huoni mwisho wake, na ndege wote wako kule ukingoni mwa maji wakila. Utawatoa watoto Changamwe waje waone nukta. Maji yakijaa kabisa nako si kuzuri: wengine wamepanda mikokoni, wengine wamesongamana kwenye kifungu cha mchanga, wamesimama mguu mmoja na mdomo wameuficha mgongoni. Na mdomo ndio ulioufuata.

Unachotaka ni maji yanayojaa, saa mbili tatu kabla hayajafika juu. Hapo bahari inawasukuma kidogo kidogo kuja upande wako, nao hawaachi kula kwa sababu wanajua chakula kinafunikwa.

Sasa hesabu mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya pwani yetu hujaa kwenye saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na hupwa kwenye saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Kwa hiyo ukija mwezi kumi na tatu mpaka kumi na sita, kwa hesabu ya siku tangu mwezi uandame, ukawa umekaa mahali pako saa nane mchana, umefika wakati wake hasa. Tena daraja la mbao la Mida liko upande wa magharibi wa hori, hivyo alasiri jua liko mgongoni mwako na ndege wamemulikwa. Asubuhi jua linakupiga machoni na kila ndege ni mweusi.

Siku za maji mafu, mwezi saba au nane, ishirini na mbili au ishirini na tatu, mambo yanageuka: maji hujaa kwenye saa nne na alasiri yamepwa. Tena hayaendi mbali wala hayaji sana, ndege hawasukumwi vizuri. Kama Jumamosi yako imeangukia hapo, mwalimu, badilisha Jumamosi. Jedwali la maji la Kilindini lipo kwenye simu, lakini ongeza muda kidogo, maana maji ya Mida yanapita mlango mwembamba na yanachelewa kuingia.

Sabaki? Pazuri mno, sikatai. Kwa shakwe hapana mfano, maelfu wanalala kwenye mafungu ya mchanga mdomoni mwa mto, pamoja na wale jamaa zao wembamba wenye mikia ya panda. Lakini utatembea mchangani kwa muda mrefu, kivuli hakuna, maji ni mekundu kwa udongo wa bara huoni kina, na viboko wapo. Mtu mzima aende na mwenyeji. Watoto ishirini na wawili, hapana.

Kuhusu wa kijivu: usianze na rangi, rangi itakuchanganya mpaka Machi. Anza na mwendo. Waambie watoto watazame nani anakimbia, anasimama ghafla, anatazama, anadonoa, kisha anakimbia tena. Huyo anawinda kwa macho. Ana kichwa cha mviringo, jicho kubwa na mdomo mfupi. Wako wakubwa kwa wadogo. Wale wa mchangani wametoka Asia ya Kati, wengine jangwani, wengine milimani kabisa. Mwenzake ni yule asiyesimama, kichwa chini, mdomo unaingia na kutoka topeni bila kupumzika: hao ni kina kitwitwi na ndugu zao, wanatafuta kwa kugusa. Ukishawagawa hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

Halafu ndani ya hao wa kugusa, tazama mdomo. Umepinda chini kidogo, ndege mwembamba wa kifahari? *Calidris ferruginea*, anazaliana Siberia kule juu kabisa kusikoota mti. Umepinda chini sana, ndege mkubwa? Sululu. Umepinda juu, miguu rangi ya chungwa, na anakimbia ameinama akifukuza kaa hovyo hovyo? *Xenus cinereus*. Watoto humpenda huyo kuliko wote, hana utulivu hata kidogo. Na yule anayefukuzana na mawimbi pwani ya Watamu, mweupe, miguu haionekani kwa kasi, ni *Calidris alba*. Huyo hana haja ya tope.

Yule mkubwa wa kijivu mwenye madoa mgongoni, ngoja aruke. Akiwa na weusi makwapani, ndiye *Pluvialis squatarola*. Hana mwingine wa kufanana naye.

Lakini mfalme wa Mida ni mla-kaa, *Dromas ardeola*. Mweusi na mweupe, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Huyo hata asiye na darubini anamwona. Hao hutembea makundi, na wana kelele.

---

kamera_mkononi

Mzee kamaliza. Mimi naongeza kwamba darubini mbili kwa watoto wote hao ni shida. Nina droni ndogo, naweza kuja kuwasaidia. Ukiirusha juu ya kundi wote wanainuka pamoja, watoto watapiga makofi na video inabaki shuleni.

---

nahodha_mstaafu

Kijana, hiyo iache nyumbani. Kwanza Mida ni hifadhi ya bahari iliyo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, droni hairushwi bila ruhusa. Na hata kama ingeruhusiwa, ndege aliyepumzika wakati wa maji kujaa anatunza mafuta mwilini. Mwezi wa nne ana safari ya maelfu ya kilomita, anakwenda kutaga. Kila ukimwinua bure unamla nauli. Mwaka 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliwapandisha daraja la hatari ndege wengi wa aina hii, na yule wa makwapa meusi na yule wa Siberia niliyemtaja wamo. Nimewaona wageni wenye lenzi ndefu wakimtuma mtoto wa kijiji akimbilie kundi ili wapate picha ya mabawa. Hao siwatembezi tena, hata walipe nini.

Wataruka wenyewe. Mwewe hupita kila siku.

---

wa_gilgil

Salamu kutoka Bonde la Ufa. Mwalimu, mwambie mkuu wako heroe ni wazuri lakini si wageni wa kaskazi. Heroe wadogo huzaliana Ziwa Natron kule Tanzania na wanazunguka maziwa yetu bila ratiba. Nakuru maji yamepanda sana tangu miaka ya 2010, na mwani wanaoula unataka maji ya magadi makali. Yakichanganyika na maji yasiyo na magadi mwani unapungua nao wanahama. Unaweza kulipa basi mpaka Nakuru ukute wako Bogoria au hapa kwetu Elmenteita. Ndiyo, wakiwapo ni maajabu. Lakini kwa fedha hizo Mida utaenda mara kadhaa.

Wageni halisi wa kutoka Ulaya na Asia huku kwetu ni bata. Januari nenda Naivasha au Ol Bolossat, utaona wenye mdomo mpana kama mwiko wamechanganyika na bata wetu wa siku zote.

Jambo jingine: kila Januari kuna hesabu ya ndege wa majini, Makumbusho ya Taifa pamoja na Nature Kenya na wengine, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pwani pia huhesabiwa. Wanapokea wa kujitolea, hata asiyejua ndege hupewa daftari aandike wanaojua wakitaja. Kwa watoto wako wakubwa wawili watatu ingekuwa shule tosha.

---

bint_maskati

Assalaam aleikum. Mimi niko Maskati, bibi yangu mzaa mama ni wa Unguja, Kiswahili ndicho cha nyumbani. Nimefurahi kumwona mla-kaa katajwa maana ni wetu sote.

Hao huzaliana visiwani na kwenye fukwe za Ghuba, Bahari ya Shamu na pande za Bahari ya Arabu, wakati wa joto kali. Huchimba shimo mchangani na kutaga humo ndani yai moja, jeupe, jambo ambalo ndege mwingine wa pwani wa jamii zao halifanyi. Ndani ya shimo kuna ubaridi kiasi, nje mayai yangeiva. Kisha wakihama kinda huenda na wazazi, na hata huko kwenu mtamwona kinda mkubwa mwenye kichwa cha kijivu anamfuata mzazi akimlilia kaa. Mwalimu, hilo waonyeshe watoto, watacheka.

Kwetu wengi hukaa Barr Al Hikman, ng'ambo ya kisiwa cha Masirah. Ni tope na mchanga mpaka upeo wa macho, na wakati wa baridi ndege wa pwani ni laki kadhaa. Kufika ni gari la kupanda mchanga na mtu anayejua njia, maana sabkha, yaani uwanda wa chumvi, hukauka juu tu, chini bado ni uji. Nikitaka ndege bila safari huenda mikoko ya Qurm, hapa hapa mjini, maghrib imekaribia. Na kwetu pia Nahodha asemayo ni kweli, maji ndiyo yanayoamua.

---

mwl_changamwe

Ahsanteni sana, hasa Nahodha. Bi wa Maskati, hilo la kinda limeshaingia kwenye somo. Nimetazama kalenda: kuna Jumamosi moja Januari ambayo ni mwezi kumi na tano. Swali la mwisho. Watoto ishirini na wawili kwenye daraja la mbao, itakuwaje? Na tukikosa kupata mla-kaa siku hiyo, kuna cha akiba?

---

nahodha_mstaafu

Mwezi kumi na tano ni sawasawa. Muwe mmefika saa sita na nusu, watoto wale kwanza, wanywe maji, waende haja. Daraja linatikisika, msiingie wote. Gawa makundi matatu: moja kibandani mwisho wa daraja na darubini zote mbili, moja ukingoni wakitafuta kaa na mashimo yake, moja kivulini wakichora. Mnabadilishana kila nusu saa, na maji yakiwa yanakuja, kila kundi litawaona ndege karibu kuliko lililotangulia. Kwa hiyo wakorofi waweke kundi la mwisho, watakuwa na sababu ya kungoja.

Cha akiba kipo. Mkirudi simameni Kilifi kabla jua halijazama, mtazame mikoko ya hori. Keremkerem wekundu huja na kaskazi na hulala humo kwa wingi, wanaingia kundi baada ya kundi. Mwambie dereva mapema, asije akadai hela ya kusubiri.

Viatu wavae raba za zamani zenye kamba. Tope la Mida likishika ndala halirudishi. Kofia, na nguo zisiwe nyeupe. Mkitoka Mombasa, mshuke Mida, msifike Gede. Nitakuwa barabarani.